Golikipa Ghalani

Mwezi wa sita ghala la Tandahimba halina gunia.
Mnada umekwisha, mizani imefunikwa turubai,
imebaki harufu ya maganda ukutani
na sakafu ndefu ya saruji, iliyolainishwa
na miaka ya nyayo za makuli.
Dadi Mnyambe akasema: hapa panatosha boling.

Tufe alilinunua Mtwara mjini, kwenye hoteli
iliyofunga milango watu wa gesi walipoondoka.
Jeusi, zito, lina matundu matatu
kama uso wa mtu aliyeambiwa bei.
Vigingi kumi kavikereza fundi wa miguu ya vitanda,
na kweli, ukivitazama vimesimama kule mwisho
unaona vitanda viwili na nusu vimepinduliwa.

Tukabishana kabla hata ya kurusha:
nani kati yetu, mwili wake
umeshalisoma somo hili darasa jingine?

Somoe Likwata, aliyetupa tufe la chuma
mpaka mashindano ya kanda, alicheka.
"Tufe ni tufe." Akaliegemeza shingoni,
akajipinda, akajizungusha, nasi tukapiga kelele
Somoe, chini! Chini!
Saruji ina kovu mpaka leo
na katibu wa ushirika hajaambiwa.

Esha wa mpira wa pete akaganda.
Alifundishwa hivyo: ukishika mpira, hutembei.
Tukamwambia tembea, hatua nne, mama, tano ukitaka.
Kila akiinua mguu
anatupa jicho pembeni kumtafuta mwamuzi.

Nalinga ni kuli, hajawahi kuvaa jezi.
Gunia la kilo themanini hulitua kwa goti,
polepole, kama anamlaza mtoto aliyesinzia njiani.
Na tufe akalitua hivyohivyo.
Likaenda. Likazidi kwenda.
Tukapata nafasi ya kuulizana bei ya salfa mwaka huu.
Likagusa kigingi cha mbele kama mgeni anayebisha hodi,
vikaitikia saba.

Mimi sikuwa na wasiwasi.
Miaka kumi na minne langoni, nimewagawia mabeki mpira
kwa mkono, chini chini, goti likigusa nyasi
(tuseme nyasi; ulikuwa mchanga).
Mwendo ni uleule: bega, kiwiko,
kiganja kikiangalia mbele kama cha mwombaji.

Likatoka safi. Mkono ulikumbuka.
Lakini na mwili mzima ukakumbuka,
ukakumbuka kazi yake.
Uliona kitu cha mviringo kinaelekea milingotini
na kabla sijauambia, ni sisi tuliokituma,
uliruka.

Kifua kwenye saruji. Nta, vumbi la maganda,
viwiko vikichunika, vidole vikikikimbiza
kitu nilichokiachia mwenyewe.
Nikalikosa kwa unene wa ukucha.
Vikaanguka tisa. Ghala zima likalipuka kwa shangwe,
na mimi pale chini, shavu sakafuni,
niliisikia kama nilivyoisikia Nachingwea
dakika ya themanini na nane,
mpira ukiwa nyuma yangu.

Basi ujuzi unahama? Unahama.
Ila hauji mikono mitupu.
Huja kama shangazi aliyesema anakaa siku mbili
halafu ukaona wanashusha kabati.

Somoe ananifunga kiwiko kwa kipande cha kanga.
Nalinga amekwenda kulifuata tufe,
anarudi nalo begani, kwa mazoea.
Kigingi kimoja kimebaki, cha kona ya kulia,
mguu wa kitanda usio na kitanda,
na Dadi anasema nina mrusho wa pili.

Naingiza vidole. Naweka mguu.
Nyuma yangu Esha amelikamata shati langu
kwa mikono yote miwili, amejikita,
huyu asiyejua kutembea na mpira.
"Achia," ananiambia. "Halafu ubaki."